Cha Mlevi Huliwa na Nani?

Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema, kisha wakanyamaza. Hawakusema kama mgema anafanya vyema kukila au anafanya vibaya. Wala hawakusema watoto wa mgema, wale wanaokaa jikoni wakisubiri ugali ushuke, waambiwe nini siku wakiuliza. Methali zetu nyingi ndivyo zilivyo. Zinamulika jambo kama kurunzi, halafu zinazimika, kila mtu anabaki gizani na akili yake.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nimekula cha mlevi, nimesomeshwa kwa cha mlevi, na kusoma kwangu kote, ukifuatilia asili yake, utafika mahali penye pipa, bomba na moshi. Kwa hiyo msomaji asitegemee mahubiri hapa. Asitegemee utetezi pia. Ninalotaka ni tuulizane swali moja tu: anayetengeneza kileo na kukiuza anadaiwa nini na yule anayekinywa?

Huku mjini swali hili tunalichukua kijuujuu. Kijiweni washkaji hugawanyika mara mbili. Wa kwanza watasema pombe ni haramu, anayeipika ni muuaji, kesi imekwisha. Wa pili watasema mtu mzima ana akili zake, anakunywa kwa hela yake, mwuzaji kosa lake nini? Wote wawili wanaongea kwa sauti kubwa, na wote wawili hawajawahi kuiona pombe inakotoka. Basi tuanzie huko.

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, kama kilometa 100 hivi, unapanda Umatengo: milima iliyochongwa mashimo ya ngoro, na kahawa kila unapogeuza macho. Ukiiacha Mbinga ukaelekea Mbamba Bay, barabara inaanza kushuka kwa kona mpaka Ziwa Nyasa, ambako tangu mwaka 2012 ni wilaya nyingine, Wilaya ya Nyasa. Katikati ya milima na mwambao kuna mapori ya miombo. Ndimo ulimo msuku.

Msuku haupandwi. Siyo kwamba watu hawautaki, la hasha. Ni mti mgumu kufugwa. Mizizi yake inaishi kwa kushirikiana na uyoga wa ardhini, na ukiuhamisha bila udongo wake unadumaa. Kuna msuku dume na msuku jike, ni miti miwili tofauti, na dume halizai. Mche uliotoka kwenye mbegu unaweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla hujaonja tunda. Nani atangoje? Kwa hiyo watu wamemwachia Mungu kazi hiyo, nao wanaokota. Kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Januari, mwaka mwingine mpaka Februari, masuku yanaanguka yenyewe: ganda la hudhurungi lenye umanjano, ndani nyama laini tamu inayonata, imezizunguka kokwa zake. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mlevi wanaokota chini ya mti mmoja. Hakuna anayemwuliza mwenzake hati ya shamba.

Mama yangu aliyaleta kwa ndoo. Aliyakamua kwa mikono ndani ya maji, akachuja kokwa na maganda, akaiacha ile rojo kwenye chombo kilichofunikwa. Hakutia hamira. Hamira ya masuku inakuja na masuku yenyewe. Wale vijidudu wa kuchachusha wanaishi juu ya ganda la tunda, wanangoja sukari tu. Siku ya pili inaanza kutoa povu na kunong'ona, yaani ukiweka sikio unasikia kitu kinachemka bila moto. Siku ya tatu au ya nne ni pombe. Anayetaka kuinywa hivyo anaishia hapo. Anayetaka gongo anaendelea: pipa juu ya mafiga, mfuniko uliozibwa usivujishe mvuke, bomba linalopita kwenye maji baridi, na chupa mwisho wa bomba. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, maji yanangoja mpaka 100. Siri nzima ya gongo iko kwenye tofauti hiyo ya nyuzi 22.

Hebu tufanye hesabu, maana ndani ya hesabu kuna maadili. Ndoo ya lita 20 ya pombe yenye kilevi cha asilimia 5 ina lita moja tu ya kilevi halisi. Ukiipika vizuri usipoteze kitu, utapata kama lita mbili za kinywaji chenye nusu kilevi, nusu maji. Lita mbili! Kwa asubuhi nzima ya kuokota, jioni nzima ya kukamua, siku nne za kungoja na mzigo wa kuni. Mtu hawezi kulewesha kijiji kizima kwa masuku. Mti wenyewe haukubali.

Na kulikuwa na chupa nyingine. Katika mpiko wa kwanza wa kila msimu, mama alitenga chupa moja au mbili, akatumbukiza humo masuku yaliyomenywa, akaziba kwa kigunzi cha hindi, akaificha nyuma ya magunia mpaka Krismasi. Ikifunguliwa, ile gongo kali nyeupe imekuwa na rangi ya asali na harufu ya pori baada ya mvua ya kwanza. Hiyo haikuuzwa hata siku moja. Mgeni alimiminiwa kwenye kikombe kidogo cha kahawa, kimoja, akakirudisha kwa mikono miwili. Sijaona nyumba nyingine ikifanya hivyo. Pengine aliibuni mwenyewe. Baadaye sana, maktabani, nilisoma kwamba Waingereza nao huchuma vitunda vyeusi vichungu kwenye miti ya miiba iliyozungushia mashamba yao, wakavitia ndani ya jini pamoja na sukari, wakangoja miezi. Nikacheka peke yangu. Kumbe anayeishi karibu na kichaka hufikiri kitu kile kile, awe Mnyasa awe Mzungu.

Sasa tazama. Pombe ya masuku ilikuwa na mipaka mitatu ambayo hakuna aliyeiandika. Mpaka wa kwanza ni msimu: Oktoba mlango unafunguliwa, Januari unafungwa. Wa pili ni kazi: kiasi kinachotoka ni kidogo na jasho lake ni jingi. Wa tatu ni uso: anayekunywa unamjua, unajua mke wake, unajua deni lake la dukani. Katika mipaka hiyo mtu aliweza kupika gongo akalala usingizi. Sisemi hakukuwa na walevi. Walikuwepo tangu enzi. Lakini mlevi wa masuku alikuwa na miezi minane ya kujirudia.

Kilichokuja kuvunja mipaka hiyo si shetani. Ni sukari.

Kilo moja ya sukari ya dukani ikichachuka yote hutoa karibu nusu kilo ya kilevi. Haingoji mvua, haina dume na jike, haina Oktoba. Unachohitaji ni maji, hamira ya mikate na mtaji. Na kwa nini watu waliihitaji? Kwa sababu kahawa, ambayo ndiyo benki ya Umatengo, ilikuwa imewaangusha. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa kugawana masoko ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaporomoka tena vibaya zaidi. Na hata pale bei inapokuwa nzuri, hela ya kahawa kwa kawaida ni hela ya baba. Hela ya pombe ni hela ya mama. Ukitaka kujua daftari, sare na dawa ya malaria vilitoka wapi katika nyumba nyingi za kwetu, usiulize kwenye ghala la kahawa. Uliza jikoni.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ada ya serikali wakati ule ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku, nauli na michango isiyo na idadi. Shule hufunguliwa Januari na Julai. Januari masuku ndiyo yanaisha. Julai hayapo kabisa. Basi muhula wa kwanza nililipiwa na masuku, wa pili nikalipiwa na sukari. Ndugu msomaji, wakati ule sikuona tofauti yoyote. Noti ni noti. Mhasibu wa shule hainusi.

Tofauti aliileta mwanamke mmoja.

Ilikuwa mwezi wa Mei, likizo. Alikuja alfajiri, mtoto mgongoni, akasimama kizingitini bila kuingia. Mume wake alikuwa mvuvi, anauza dagaa mwaloni na kupitia kwetu kabla hajafika kwake. Akasema, "Dada, sikulaumu. Naomba tu akija na hela ya dagaa, umwambie imeisha."

Mama akasema, "Mdogo wangu, nikimwambia imeisha ataenda kwa jirani."

Yule mwanamke akafikiri kidogo. "Aende. Ila asiipate kwako, maana wewe unatujua."

Hakuongeza neno. Kuanzia siku ile mama alimwambia yule bwana imeisha, hata kama pipa lilikuwa linatona nyuma ya nyumba na harufu imejaa uani. Siku nyingine alirudi kwake na hela yake. Siku nyingine alienda kwa jirani, kama mama alivyobashiri. Na kwa kuwa waliokuja na shida kama ile walikuwa zaidi ya mmoja, na wake zao nao walisikia habari, mapato yalipungua. Julai ile ada yangu haikutimia. Nilikaa nyumbani wiki mbili wenzangu wakiwa darasani. Kwa hiyo msinihadithie kwamba maadili hayana gharama. Yana gharama, na mara nyingi anayelipa si yule aliyeamua.

Tangu hapo nimekuwa nikiligeuza lile neno: "wewe unatujua." Hakusema pombe ni dhambi. Hakusema serikali imekataza, ingawa imekataza. Alisema unatujua, basi. Na lilifanya kazi ambayo mahubiri hayakufanya. Kwa nini?

Tuanze na hoja ya washkaji wa kundi la pili, wale wa mtu mzima na akili zake. Hoja hii ni nzito na ni ya zamani sana. Wagiriki wa kale walikuwa na mtawala mmoja, Pittacus wa Mytilene, aliyeweka sheria kwamba anayefanya kosa akiwa amelewa apewe adhabu kubwa kuliko aliyelifanya akiwa mzima. Aristotle naye alieleza kwa nini mlevi huweza kuadhibiwa mara mbili: chanzo cha kosa kiko ndani yake, maana alikuwa na uwezo wa kutolewa. Hapo mzigo wote uko juu ya mnywaji. Mgema amesimama pembeni, mikono safi.

Nakubali nusu. Yule mvuvi alikuwa na miguu yake na mfuko wake. Kumfanya mtoto mdogo asiyejua alitendalo ni kumtukana. Lakini angalia hoja hii inapojikwaa. Inasema chanzo kiko ndani ya mtu mwenye uwezo wa kuacha. Sasa mtu huyu huyu, baada ya miaka kadhaa ya gongo ya kila siku, uwezo wenyewe umeliwa. Anatetemeka mikono asubuhi asipopata. Je, bado tunaongea na yule aliyeweza kuacha? Na nani aliyeshuhudia uwezo ule ukipungua kikombe kwa kikombe, akijua, akipokea hela? Aristotle hakuwa na pipa nyuma ya nyumba. Mama alikuwa nalo. Mnywaji ana lake la kujibu, sawa. Lakini lake halifuti la mwuzaji. Deni la mmoja halilipi deni la mwingine.

Halafu kuna hoja ya jirani: nisipouza mimi, atauza mwingine, kwa hiyo kukataa kwangu hakubadilishi kitu. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayotumika kuliko zote, kuanzia mpika gongo hadi mfanyabiashara wa bunduki. Kila mmoja akiitamka, wote wanauza, na hakuna aliyeuza. Dhambi inazunguka mtaa mzima kama mgeni asiye na mwenyeji. Isitoshe, si kweli kwamba hakikubadilika kitu. Kuna siku yule bwana alirudi kwake na hela. Siku chache, ndiyo. Lakini siku moja ya chakula kwa mtoto aliyekuwa mgongoni si falsafa. Ni chakula.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wapo watakaosema kwa nini tunazunguka mbuyu, si gongo imekatazwa? Imekatazwa kweli. Sheria ya mwaka 1966 inaiita moshi, na inamtaka anayeitengeneza awe na leseni. Bila leseni, hata kukutwa nayo tu ni kosa. Kabla ya hapo wakoloni walikuwa na yao: mwaka 1919, kule Saint-Germain nchini Ufaransa, madola yenye makoloni yalikubaliana kuzuia pombe kali za biashara zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na utengenezaji wake upigwe marufuku pia. Katika Tanganyika, kwa sehemu kubwa ya utawala wa Mwingereza, Mwafrika hakuruhusiwa kunywa vinywaji vikali vya Kizungu, huku Mzungu akivinywa klabuni kwake bila wasiwasi. Sheria ile haikuuliza kinywaji kina nini. Iliuliza mnywaji ana rangi gani.

Uhuru uliondoa swali la rangi, ukabakiza swali la kibali. Uganda nao, katikati ya miaka ya 1960, walitunga sheria ya enguli: mpikaji awe na leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kiisafishe iwe Uganda Waragi. Kenya walipiga chang'aa marufuku kabisa mwaka 1980, wakaja kuihalalisha mwaka 2010 kwa masharti ya viwango na leseni. New Zealand, tangu mwaka 1996, mtu anaruhusiwa kujipikia pombe kali nyumbani kwa matumizi yake, ilimradi asiuze. Unaona, msomaji? Kitendo ni kile kile. Sheria inahama kama uvuli wa mwembe.

Chukua mfano unaotuhusu zaidi. Kule Limpopo, Afrika Kusini, wanavijiji huokota matunda ya mng'ongo yaliyoanguka porini, wakayauza kiwandani. Yanachachushwa, yanapikwa, yanawekwa kwenye mapipa ya mwaloni, yanachanganywa na krimu. Hiyo ndiyo Amarula, yenye tembo kwenye chupa, iliyoingia sokoni kwa sura hiyo mwaka 1989, na leo inauzwa kwenye viwanja vya ndege. Mng'ongo unaota hata hapa Tanzania. Kwa hiyo mwanamke wa Limpopo anayeinama chini ya mti na mwanamke wa Nyasa anayeinama chini ya msuku wanafanya jambo moja. Mmoja ni mshiriki wa maendeleo, mwingine anajificha polisi.

Hapo kuna uonevu, sikatai. Lakini tusikimbilie kusema basi tatizo ni kibali tu, mama zetu wapewe leseni na nembo ya TBS mambo yaishe. Kumbukeni viroba. Vilikuwa na leseni. Vilikuwa na nembo. Vililipiwa kodi. Viliuzwa kila kibanda, vinaingia kwenye mfuko wa shati la dereva na kwenye soksi ya mwanafunzi, mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nani alisimama kizingitini kwa mwenye kiwanda alfajiri, mtoto mgongoni, akamwambia "wewe unatujua"? Asingeweza. Mwenye kiwanda hamjui mtu. Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo faida kubwa ya kiwanda ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya uchumi: kinakuondolea mzigo wa kujua.

Sheria ina kazi yake, na tuseme haki, ni kazi ya kuokoa maisha. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru kule Nairobi, zaidi ya watu mia moja walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kilevi cha viwandani. Methanoli haina rangi, na ulimi wa kawaida hauitofautishi na kilevi cha kunywa. Aliyeitia hakuwa anapika masuku. Alikuwa anatafuta njia ya mkato ya kuongeza ukali na ujazo. Matunda nayo hutoa methanoli kidogo yanapochachuka, ndiyo maana hakuna ujanja wa jikoni unaoweza kumhakikishia mtu kilichomo ndani ya chupa, inahitaji kipimo. Kwa hiyo anayesema serikali isiingilie kabisa, aende akaongee na vipofu wa Mukuru. Ninachosema ni kwamba sheria inauliza: nani amekupa ruhusa, na ndani ya chupa kuna nini? Ni maswali mazuri. Lakini haiulizi: nani anakunywa, na nani halali njaa leo kwa sababu hajanywa mwenzie? Swali hilo limebaki kizingitini.

Na dini? Kwetu milimani Wakatoliki ni wengi, mwambaoni kuna Waanglikana waliopokea injili kutoka kisiwa cha Likoma tangu karne ya 19. Mahubiri dhidi ya pombe nimeyasikia mpaka nikayakariri. Lakini altareni pana kikombe cha divai. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema wazi kuwa divai ya misa lazima itokane na zao la mzabibu, halisi, isiyoharibika. Utotoni nilijiuliza zabibu lina cheo gani kuliko suku, yote si matunda yaliyochachuka? Nilipokua nikaona kwamba swali langu lilikuwa pembeni ya jambo. Kinachotofautisha kikombe kile na kikombe cha kilabuni si tunda pekee. Ni uzio. Kina saa yake, kina mahali pake, kina kiasi chake, na anayekitoa anamtazama usoni anayekipokea. Ukikitazama hivyo, utaona kinafanana sana na chupa ya Krismasi iliyofichwa nyuma ya magunia.

Sasa niseme ninachoamini, kisha wenye kupinga wapinge.

Naamini kileo hakina uovu ndani yake wala hakina wema. Kina nguvu. Na kila chenye nguvu kinahitaji mpaka. Zamani mpaka tuliwekewa na mti: msimu ukiisha umeisha, utake usitake. Leo sukari imeuondoa mpaka ule, na hautarudi. Hatuwezi kuirudisha Oktoba kwa kutunga sheria. Basi mpaka uliokuwa wa mti sasa ni wa mtu. Mtu gani? Mnywaji kwanza, nimekubali. Serikali pia, kwa yale inayoweza kuyapima. Lakini yupo wa tatu, ambaye methali imemtaja na sisi sote tumemruka: mgema. Yeye ndiye anayeona. Mnywaji hajioni, serikali haioni, kiwanda hakitaki kuona. Anayeona anadaiwa zaidi ya asiyeona.

Anadaiwa nini hasa? Si lazima avunje pipa. Kumwambia mwanamke mwenye watoto watano avunje pipa wakati huna cha kumpa badala yake ni ukatili uliovaa kanzu. Wanaotaka gongo iishe wajiulize wameweka nini mahali pake: bei ya kahawa? Mkopo usio na masharti ya ajabu? Mafunzo ya kusindika masuku yawe divai nyepesi au jemu, yenye kipimo na kibandiko, kama akina mama wengine nchini wanavyofanya na rozela? Anachodaiwa mgema, mpaka hapo, ni kitu kimoja kidogo na kigumu: awe na watu ambao kwao "imeisha" hata kama haijaisha. Asipokuwa nao hata mmoja, basi hana tofauti na kiwanda, isipokuwa udogo.

Na sisi tuliokula? Maana watoto wa wagema mjini hapa tumejaa. Tupo vyuoni, maofisini, tupo hata kwenye kurasa hizi tukiandika mashairi ya mapenzi. Wengine wanaficha, wanasema mama alikuwa "mfanyabiashara". Sioni sababu ya aibu, wala sioni sababu ya kuimba sifa. Kila shilingi ya ada yangu iliondoka kwenye nyumba fulani kabla haijafika kwetu. Siwezi kuirudisha, sijui hata ilikuwa nyumba ipi mwezi upi. Ninachoweza ni kukataa uongo wa aina mbili: ule unaosema mama alikuwa muuaji, na ule unaosema hela haina historia. Mtu aliyesoma kwa gharama ya wengine asipoisema gharama hiyo, kisomo chake kinakuwa kama pombe ya mgema aliyesifiwa: maji mengi.

Wahenga walituachia nusu ya methali. Cha mlevi huliwa na mgema, sawa. Nusu ya pili ni ya kwetu kuitunga, na mimi nimejaribu yangu: cha mlevi huliwa na mgema, na mtoto wa mgema huulizwa. Mwenye nyingine bora kuliko hiyo aandike. Kurasa zipo.